Kukimbia Bila Kufukuzwa

Koleji ya balimu, Kopabelti
21 Machi 1976

Papa yangu mupendwa,

Jambo mingi kutoka kwa mutoto wako. Afya yako iko namna gani? Ule muguu wenye ulikuwa unakuuma wakati wa mvua, umepata nafuu? Mimi niko muzima, ninakula, ninalala, masomo yanaendelea. Ninakuandikia mu Kiswahili kama siku zote, hata kama banafunzi ba huku banakicheka na kusema ni luga ya soko ya samaki. Ninabaambia ni luga ya papa.

Papa, kuko neno moja, na ninaomba ulisome pole pole. Pengine batu bameshakwambia. Juma lililopita redio ilisoma majina ya bale balishinda mu mbio za porini za makoleji. Upande wa basichana, jina la pili lilikuwa langu. Kama mutu alikuja sokoni Kashikishi kukupongeza na wewe hukuelewa, ni juu ya ile.

Ninakimbia tangu mwaka jana. Mwalimu mumoja, Bwana Kapembwa, aliniona nikikimbilia kengele ya chakula, akauliza kama ninaweza kukimbia vile tena mpaka ku reli na kurudi. Niliweza. Tuko basichana sita. Tunavaa kaptula zenye kufika karibu na magoti. Raba ni jozi tatu, tunabadilishana. Rafiki yangu ni Dorica, binti wa muvuvi wa Mununga. Yeye njo alikuwa wa kwanza siku ile, mimi nyuma yake hatua mbili. Dorica hakuwa na pointi za kutosha kuingia koleji, walimuchukua shauri ya miguu yake.

Sikukwambia, na ile ni kosa. Ninajua utakasirika. Lakini ninapenda ukasirike kwa neno langu kuliko kwa neno la sokoni.

Mutoto wako,
Léonie


Nchelenge
11 Aprili 1976

Kwa binti yangu Léonie,

Salamu. Mimi niko na afya, muguu ni ule ule. Upepo ni mingi mwezi huu, mitumbwi inarudi na samaki kidogo. Batu ba kanisa banakusalimia.

Jina lako nililisikia mbele barua ifike. Muuza chumvi alikuja na mikono wazi, akalalamika juu sijabaambia batu: «Papa Zéphirin, kumbe uko na binti anakimbia hivi!» Batu bakapiga makofi. Nilifunga mizigo yangu, nikarudi nyumbani.

Sikukutuma kule ukimbie. Nilikutuma usome, urudi mwalimu, ukae ku kiti chako mbele ya batoto ba batu. Sisi ba hii nyumba tulikimbia mara moja, mwaka wa vita wenye tulitoka Kilwa, ile ya ngambo ya ziwa mu Zaire, na ilitosha. Mutu anakimbia juu kuko kitu nyuma yake. Mwenye hana kitu nyuma, anatembea.

Mama yako Clotilde, tangu tulifika huku mpaka siku alikufa, hakukimbia hata mvua. Ulimuona na macho yako. Mvua inakuja, batu bote banakimbilia nyumba, yeye anatembea, analowa.

Sina neno lingine. Uache ile kitu. Omba Mungu, kula vizuri.

Papa yako,
Zéphirin


Koleji
13 Juni 1976

Papa mupendwa,

Ninakusalimia sana, na batu bote ba nyumbani na ba kanisa. Ninaomba hii barua ikukute na nguvu. Huku baridi imeanza, asubuhi majani yanakuwa meupe. Niko muzima wa mwili.

Sikujibu barua yako ya Aprili juu sikuwa na jibu la heshima. Sikuacha. Ningesema niliacha, ningekudanganya mara ya pili.

Sasa wao benyewe banatuachisha. Siku ya tatu ya juma hili mukubwa wa koleji alituita bote mu chumba cha kulia. Alisema shaba imeanguka bei, serikali imepunguza feza ya makoleji yote, na yeye lazima akate. Alisoma karatasi: mbio za porini na mbio za uwanja, basichana na bavulana, zinaisha mwisho wa Julai. Hakuna tena basi ya kutupeleka, hakuna raba, hakuna maziwa ya asubuhi. Bwana Kapembwa hatapewa kazi tena. Mupira wa miguu unabaki. Dorica akasimama, akauliza juu ya nini mupira unabaki. Mukubwa akajibu: «Mupira batu banakuja kuutazama.» Kisha tulikula. Sikumbuki tulikula nini.

Bane kati yetu baliingia hapa kwa nafasi ya mbio, na Dorica ni mumoja. Sasa bataandika examen ya Kiingereza mu Agosti. Mwenye atashindwa, anarudi kwao.

Papa, kutakuwa mukutano wa bazazi na bakubwa ba koleji, siku ya posho, njo jumamosi, tarehe 24 Julai. Muzazi anaweza kuja ao kuandika. Ninakuomba uandike. Mistari mitatu inatosha, hata mu Kiswahili. Patson, mupishi wetu, alifanya kazi miaka mingi Lubumbashi, anaweza kuisoma na kuigeuza mu Kiingereza.

Uliniandikia mutu anakimbia juu kuko kitu nyuma yake. Nililifikiri lile neno wiki mingi, hata mu njia ya mbio. Papa, nikikimbia sisikii kitu nyuma yangu. Kuko udongo, na pumzi ya Dorica, na Bwana Kapembwa ku kinga yake, ile baiskeli ya zamani, anatuambia tupumue. Ni saa moja tu mu siku yenye mimi siogopi kitu.

Mutoto wako,
Léonie


Koleji
7 Julai 1976

Papa,

Uko muzima? Ninauliza kwa kweli. Wiki tatu zimepita, na kamyo za samaki zinafika hapa kila posho bila barua yangu.

Bazazi batatu bameshaandika. Papa ya Dorica hajui kuandika, alituma alama ya kidole, na mutu wa misioni aliandika juu yake maneno mazuri sana. Dorica anaweka ile karatasi mu Biblia yake.

Kama ni hapana, andika hapana. Nitaipokea.

Léonie


Nchelenge
1 Agosti 1976

Binti yangu Léonie,

Nimefika salama jana mangaribi. Muguu umevimba kidogo, nimeuweka mu maji ya chumvi. Wewe uko muzima? Pale ku mulango wa koleji tulionana kidogo sana, Mwenze, dereva wa kamyo ya samaki, alikuwa anapiga honi, na mimi sikuweza kusema. Ulilia na ukanishika mikono, na mimi nilikuuliza kama unakula. Nimerudi njia yote na ile haya. Kwa hiyo ninaandika.

Barua yako ya Juni niliisoma mara nyingi. Nilianza jibu mara ine, nikachana. Kisha nikaona kama karatasi yangu itafika pale na kugeuzwa na mupishi, na bakubwa batafikiri ni muzee mumoja wa samaki, bataiweka chini ya zingine. Njo nikamwambia Mwenze anitafutie nafasi juu ya mizigo.

Unajua ile njia, kuja kwenu lazima ikate kipande cha inchi yetu ya zamani. Tukavuka maji ku Chembe, tukaingia mu Zaire. Miaka kumi na tano sikukanyaga ule udongo. Ku mupaka soda mumoja mwenye bunduki alichukua karatasi yangu, akasoma mahali nilizaliwa, akaniangalia. Niliweka mikono yangu chini ya gunia. Akasema: «Muzee, weye ni mutu wa kwetu. Unakwenda wapi?» Nikasema ninakwenda kuona mutoto wangu. Akarudisha karatasi. Ni vile tu. Mwenze aliniambia kisha kama nilikuwa nimefunga macho.

Wewe hawakukuacha uingie mu mukutano, basi nitakwambia. Tulikuwa bazazi batano. Mukubwa wa koleji, na bakubwa batatu ba baraza, na Patson na nguo yake nyeupe ya jikoni. Bazazi bengine balisema mbele yangu. Mumoja aliomba sana, mumoja alikasirika. Zamu yangu ilifika, nikasimama, nikasema na Patson anageuza.

Nilisema: «Mimi sikupenda mutoto wangu akimbie. Nilimuandikia aache, na alikataa. Nitawaambia juu ya nini sikupenda.» Na nikasema jambo lenye sijakwambia wewe, na ninaomba unisamehe kama batu bageni balilisikia wa kwanza.

Ulikuwa na miaka sita. Unakumbuka kama nilikubeba ku mabega, na tulikimbia siku mbili. Ndugu yako Florent alikuwa ku mugongo wa mama yako, na homa. Mama yako hakuweza kukimbia kama mimi, nilikuwa ninamutangulia, ninangoja, ninamutangulia. Ku maji tulikuta mutumbwi mumoja, na nafasi ya mutu mukubwa mumoja. Mama yako alisema: panda na Léonie, mimi nitafuata. Nilipanda. Sikubishana, binti yangu. Ile njo kitu. Sikubishana hata neno moja. Miguu yangu ilikuwa imezoea kukimbia, ikapanda yenyewe. Kisha siku tatu mama yako alifika huku na mugongo mutupu. Alisema: Florent nimemuzika. Sikumuuliza alikufa siku gani, ku jua ao ku baridi, akiita nani. Miaka tisa tulikaa pamoja mbele afe, sikumuuliza.

Maneno ya mwisho Patson hakuyageuza. Mukubwa mumoja wa baraza akauliza: «Amesema nini?» Patson akajipangusa uso na kitambaa cha sufuria, akasema na Kiingereza kidogo sana. Sijui alisema nini.

Nikamaliza hivi: «Mutoto wangu ameandika kama anakimbia na hakuna kitu nyuma yake. Mimi mu maisha yangu sijaona mutu anakimbia bila kufukuzwa. Nilifikiri haiko. Kama iko, na iko hapa kwenu, ninawaomba musimunyanganye.»

Nikakaa. Mukubwa wa baraza alitushukuru bote. Kisha akasema uamuzi ulitiwa sahihi tangu mwanzo wa mwezi, mukutano ulikuwa wa kutueleza tu.

Nikauliza: «Basi mulituita kutuonyesha kaburi?» Patson akageuza, hata yeye alikuwa amekasirika. Tulipotoka, mukubwa wa koleji alinifuata inje, peke yake na Patson, akasema: «Muzee, nilikuwa na feza ya basi ao ya unga. Banafunzi ni mia tatu. Mungefanya nini?» Si mutu mubaya. Nilimwambia sijui. Na kweli, sijui.

Nimefanya ile nilikuja kufanya, na haikufaa kitu. Nisamehe kwa yote mbili.

Papa yako,
Zéphirin


Koleji
29 Agosti 1976

Papa yangu,

Ninakusalimia na moyo wote. Muguu uko aje? Usiuweke mu chumvi tu, nenda ku hospitali. Mimi niko muzima.

Bwana Kapembwa aliondoka tarehe 31 Julai. Asubuhi ile tulikimbia njia yote pamoja, basichana na bavulana, mpaka ku reli na kurudi kupitia miti ya paini. Yeye alitufuata ku kinga. Ku mwisho hakusema nani alikuwa wa kwanza. Alitushika mikono mumoja mumoja, akasema, «Asante kwa kazi,» kama sisi njo tulikuwa tunamulipa. Kisha mutu wa stoo alikuja kuhesabu raba, akazifungia.

Dorica ameshindwa examen. Zilipungua pointi tatu. Jina lake halikuwa ku karatasi ya bale balishinda, siku ya kwanza ya juma asubuhi, na saa sita kitanda chake kilikuwa kimekunjwa. Hakuniaga. Mutu mumoja alimuona juu ya kamyo, amejifunika uso na kitenge.

Papa, sasa Florent. Niko na neno lenye mama alinipa, na nililiapia kunyamaza. Ninavunja kiapo, na nikikutana na mama mbinguni tutasemezana.

Mwaka mbele ya kufa kwake tulikuwa tunapasua samaki, mimi na yeye. Nilimuuliza juu ya nini hakimbii mvua. Akaniambia hivi: «Florent alikufa ku mugongo wangu mbele tufike ku maji. Nilisikia mwili unakuwa muzito na kisha baridi. Papa yako alikuwa mbele na weye, hakuona. Nilifunga kitenge nguvu ili kichwa kisianguke. Kama angejua, angebaki azike mutoto wake, na basoda bangetukuta bote. Kwa hiyo nilimwambia panda. Na akachelewa, akawa ananiangalia, nikamusukuma ku mugongo na mikono yangu mbili.»

Alisema kama ulichelewa, Papa. Alisema kama alikusukuma.

Nikamuuliza juu ya nini hajakwambia. Akasema: «Nilimuficha maiti ya mutoto wake. Kila siku ninataka kumwambia, na kila siku ninaogopa ataniuliza nilikuwa na haki gani.»

Ile ni yote. Hukumuacha Florent. Florent alikuwa ameenda. Na yeye hakukuhesabia kosa hata siku moja, alikuwa anajihesabia lake. Mulikaa mu nyumba moja miaka tisa, kila mumoja na hofu ya kuulizwa na mwenzake.

Nilikusikia ulisema haikufaa kitu. Patson alinieleza yote uliyosema, jikoni, mbele ya masufuria, na basichana batano banasikiliza. Hakuna papa mwingine alikuja kutoka mbali vile.

Mutoto wako,
Léonie


Nchelenge
14 Novemba 1976

Binti yangu,

Salamu ya Papa yako. Niko na uhai. Nilienda ku hospitali kama ulisema, balinipa dawa, sasa ninatembea vizuri. Najua umengoja jibu muda murefu. Si hasira. Ile barua nilikaa nayo. Nilikuwa ninaweza kusoma mpaka pale mama yako anafunga kitenge, kisha ninaikunja. Ilinichukua mwezi kufika mwisho.

Ni kweli alinisukuma. Nilikuwa nimesahau. Nilipoisoma nilisikia mikono yake hapa, chini ya mabega.

Siku ya Batakatifu Bote niliomba jina la Florent lisomwe mu kanisa, pamoja na la Clotilde. Ni mara ya kwanza. Batu ba huku habakujua tulikuwa na mutoto mwingine. Nilikaa ku benchi mpaka bote balitoka.

Juma lile lilifuata nilikwenda Mununga kununua samaki. Niliuliza nyumba ya Dorica. Balinionyesha mwanamuke kijana anatandaza chisense ku muchanga, samaki badogo bale kama sindano. Ameolewa na mutu wa nyavu, muzee kidogo, na banasema ana mimba changa. Alinitambua kwa jina lako. Alipiga magoti, akanisalimia kama muzazi wake, akaleta kiti, akaleta maji. Tulisema habari ya samaki, habari ya njia. Habari ya koleji hakuna. Nikafikiri ni vizuri niondoke.

Nilikuwa nimeshasimama, akauliza, bila kuniangalia, mikono ku samaki: «Papa, Léonie anakimbia bado?»

Nilisema: «Ndiyo.»

Sijui kama ni kweli. Mu barua yako ya Agosti hukuandika, na mimi sikuuliza. Neno lilitoka lenyewe juu niliona namna shingo yake ilikuwa inangoja. Alisema, «Vizuri,» na akaendelea kutandaza.

Niandikie, unijulishe nilimwambia nini yule mutoto.

Papa yako,
Zéphirin


Koleji
29 Novemba 1976

Papa mupendwa,

Jambo sana, na ninashukuru Mungu kwa muguu wako. Mimi niko muzima. Examen za mwisho zimeisha posho. Bameniambia mwaka ujao nitafundisha Kabuta, masomo ya shule ya musingi, darasa la tatu. Nitakuwa karibu na wewe, utachoka na mimi.

Unauliza ulimwambia Dorica nini. Papa, ulimwambia uongo. Siku ile ulimwambia, nilikuwa nimeshaacha kukimbia tangu Bwana Kapembwa alienda. Siku za kwanza nilisema ni raba, kisha nikasema ni masomo. Ukweli ni kama nilijaribu siku moja, nikafika mpaka ku miti ya paini peke yangu, na kwa mara ya kwanza nikasikia kitu nyuma yangu. Nikageuka, hakuna. Nikarudi nikitembea. Sikukuandikia juu uliwaambia bale batu ba baraza yale maneno, na mimi nilikuwa nimeshayaharibu.

Barua yako ilifika ijumaa. Jana, siku ya Mungu, niliamuka mbele ya kengele. Raba ziko mu stoo, kaptula niliipata chini ya sanduku. Nilitoka na miguu mitupu. Mvua ilikuwa inanyesha, udongo unateleza, na ku paini nilikisikia tena kile kitu. Sikugeuka. Nilikimbia nacho. Ku reli kilikuwa kingali pale, na nilipokata kona ya kurudi sikukijali tena, nilikuwa na kazi ya kupumua.

Nilipofika, Patson alikuwa anawasha moto. Akaniona, na matope mpaka kiuno, akasema tu, «Umechelewa na chai.» Akanipa chai.

Leo asubuhi nilikwenda tena.

Kwa hiyo, ukipita Mununga mbele ya Noeli, usimwambie Dorica neno la ile miezi ine. Mwambie jibu ni lile lile. Na mwambie kutoka Kabuta mpaka kwake ni mbali, lakini si mbali sana, na mimi nitakuja kwa miguu.

Mutoto wako,
Léonie